Mtu anayekesha ziwani hahitaji huruma, anahitaji bei

Huku kwetu Tanzania, kanda ya Ziwa Victoria, ukianza tu kuongelea umaskini utasikia kauli mbili. Ya kwanza ni kwamba watu ni maskini kwasababu ni wavivu, wanapenda vya bure, wamezoea vijiwe. Ya pili ni ya wenye huruma, hawa wanasema watu wasaidiwe, waletewe unga, madaftari, cherehani, watoto wapigwe picha wakiwa wameshika mabegi mapya. Miaka nenda rudi watu wanabishana kati ya hizo mbili na mi naona zote zinakubaliana kwenye kitu kimoja, kwamba kasoro ipo kwa maskini mwenyewe, ama kakosa bidii ama kakosa vitu. Hakuna anayeuliza huyu mtu jana kazalisha nini, na hicho alichozalisha kimeenda wapi, na bei yake kaitaja nani.

Nenda mwaloni Kirumba hapa Mwanza, pale mitumbwi inapofikia na samaki, alfajiri, au nenda Igombe, Kayenze, vuka mpaka visiwa vya Ukerewe na Kome, alafu uje uniambie mvivu ni nani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wavuvi wanaingia majini jioni na taa zao, zamani karabai siku hizi za sola na betri, wanakesha na baridi na mawimbi na radi za ziwa hili ambalo kila mtu wa huku ana ndugu au jirani aliyepotelea humo. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika maana taa haivuti kitu, kwahiyo kila mwezi kuna siku ambazo kipato ni sifuri na watoto wanakula kama kawaida. Asubuhi mitumbwi ikirudi wamama wanapokea ndoo, wanaanika, wanageuza, wanaangalia mawingu, wanaanua mbio mvua ikinyesha, jua likitoka wanaanika tena. Hao ndo tunaambiwa wafundishwe kufanya kazi kwa bidii.

Sasa twende kwenye hesabu, maana jambo lenyewe lipo hapo. Kwenye kambi nyingi mgao unaenda hivi: pesa ya mauzo inatolewa kwanza gharama, mafuta, chakula, betri, kushona nyavu, kinachobaki ndo kinagawanywa, tajiri mwenye mtumbwi na nyavu anachukua fungu lake na wavuvi wanagawana la kwao. Mvuvi keshakopa unga na vocha na pesa ya kutuma nyumbani kwenye duka la kambi, na duka mara nyingi ni la tajiri huyohuyo, basi siku ya mgao anasomewa daftari ambalo hakuliandika yeye. Anaweza kuvua mwezi mzima na akaondoka anadaiwa. Huyu ukimpelekea kilo tano za unga atazipokea, atakushukuru kutoka moyoni, na mwezi ujao atasomewa daftari lilelile.

Kwenye sangara, wale samaki wakubwa wanaokwenda viwandani, ndo utaona vizuri zaidi. Wakala anayenunulia kiwanda samaki anampa mvuvi nyavu, barafu, mafuta, saa nyingine hadi injini. Ukisikia haraka haraka unasema huyu mtu ana roho nzuri anainua vijana. Sharti ni kwamba samaki wote unamuuzia yeye, na bei anakutajia yeye, na yeye bei kapigiwa simu kutoka kiwandani, na ukipeleka kwa mwingine aliyetaja bei nzuri zaidi umevunja makubaliano ambayo hayajaandikwa popote ila yanajulikana mwalo mzima. Deni haliishi kwasababu halikuwekwa ili liishe. Mtu kasaidiwa kweli, nyavu anazo, kazi anayo, ila hana tena uwezo wa kusema hapana kwa mnunuzi, na mi nadhani hapo ndipo heshima ya mtu inapoanzia au inapopotelea, kwenye uwezo wa kukataa bei.

Alafu kuna bondo, kile kifuko cha hewa kilichopo tumboni mwa sangara. Mabondo yanaenda Uchina na Hong Kong, na kilo moja ya makavu inaweza kufika mamia ya maelfu ya shilingi kutegemea na ukubwa. Kuna miaka wavuvi wengi walikuwa wanauza samaki mzima kwa bei ya minofu tu, bondo linaondoka bure ndani ya samaki, na mvuvi mwenyewe hajui kama ametoa dhahabu. Minofu ilikuwa inapaa kwenda Ulaya, hapa mjini watu tukawa tunagombania mapanki, yani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya mashine kumaliza kazi. Wageni walipokuja kuona watu wanakula mapanki wakasema hawa wanahitaji msaada wa chakula. Watu ambao wametoka kuvua samaki!

Wazee wetu hii hesabu waliielewa mapema sana na ndo maana nachukia mtu akisema kujitegemea ni somo ambalo watu wa huku wanatakiwa waletewe. Kabla ya uhuru pamba ya Usukuma ilikuwa inanunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi Waasia, na kilio cha mkulima kilikuwa mizani. Unapima pamba yako nyumbani kwa macho na kwa uzoefu wa miaka, ukifika kwa mnunuzi uzito umepungua, na mizani ni yake, jiwe ni lake, na kuandika anaandika yeye. Wakulima hawakwenda kuomba chakula. Walichanga wakaweka wapimaji wao wenyewe wasimame pale kwenye soko la pamba wahakiki uzito. Yani kitu cha kwanza walichokinunua kwa pesa yao ya mchango kilikuwa ni jicho lao kwenye mizani ya mtu mwingine. Mwaka 1952 wakawa na chama chao cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kijana mmoja anaitwa Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na mwaka 1955 vyama vikaungana vikawa Victoria Federation hapa hapa Mwanza, ambayo baadae ilikuja kuwa na majineri yake ya kuchambua pamba na ikahesabika kati ya ushirika mkubwa kabisa Afrika. Bomani huyo huyo mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa nchi hii. Alianzia kwenye mizani.

Kilichofuata kinaniuma mpaka leo. Tarehe 5 Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, likasema wazi kwamba taifa haliwezi kujenga maendeleo kwa kutegemea fedha za wengine, na mi kwenye hilo nipo upande wa Mwalimu hata leo, kabisa. Lakini mwaka 1976 serikali ileile iliyohubiri kujitegemea ikavunja vyama vya ushirika, chombo ambacho wakulima walikijenga wenyewe kwa michango yao, kazi ya kununua mazao ikapelekwa kwenye mamlaka za serikali. Katikati ya miaka hiyo ya 70 watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya, wengine waliacha nyumba na minyaa yao. Kujitegemea kukaletwa kwa amri ya juu na kujitegemea kwa kweli, kule kwa wapimaji, kukaondolewa. Vyama vilirudi kwa sheria ya mwaka 1982 ila mtu aliyeona chama chake kinafutwa kwa kauli ya siku moja hawezi kukipenda tena vilevile, na madeni na ubadhirifu uliokuja baadae ukamalizia. Kwahiyo kijana wa leo ukimwambia ushirika anakuangalia tu. Simlaumu. Ila ajue kwamba babu yake hakushindwa, alinyang'anywa.

Na mizani haijaisha, imebadilisha sura tu. Lumbesa unaijua. Sheria ya vipimo inakataza, gunia lisizidi kilo 100, lakini mkulima wa mpunga au viazi anashindiliwa gunia linapandishwa kichwa juu, linafungwa kamba, na analipwa gunia moja. Dagaa tunauziana kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, na kila mtu sokoni anajua kuna sado iliyobonyezwa chini. Huo ni wizi wa kila siku, mdogo mdogo, na ukijumlisha msimu mzima mi naamini unazidi misaada yote ambayo kijiji hicho kitapata kwa mwaka, takwimu sina, muulize tu mkulima yeyote amepoteza magunia mangapi.

Sasa niongelee msaada wenyewe. Kuna kikundi cha wamama waanika dagaa nakifahamu kwasababu mama yangu mdogo yumo. Shida yao ni ya wazi, wakianika kwenye mchanga dagaa wanakuja na mchanga, mvua ikinyesha wanaoza, na dagaa wa hivyo anauzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Dagaa wa kwenye chanja, ile meza ya mbao na nyavu, anakauka haraka, msafi, anauzwa chakula cha watu na bei yake inapanda vizuri. Wanahitaji chanja na maturubai, na kastoo ka kuhifadhi ili wasilazimike kuuza siku hiyohiyo kwa mwenye gari. Shirika moja likaja, wakakaa nao chini ya mti, wakawauliza mahitaji yao. Baada ya miezi kadhaa zikaja cherehani, na mafunzo ya ujasiriamali, na tisheti. Nilimuuliza mama mdogo nyie hamkuwaambia? Akaniambia, "Tuliwaambia chanja, mwanangu. Na waliandika. Tuliwaona wanaandika."

Hawa watu sio wabaya, naomba nieleweke. Walioleta cherehani walikuwa vijana wazuri, wanaheshimu, wanasalimia wakubwa. Ila andiko la mradi lilikuwa limeshaandikwa, limeshapitishwa, na bajeti ina mstari wa cherehani na mstari wa mafunzo, na yule anayetoa pesa yuko bara lingine, na ripoti inatakiwa kwake kufikia tarehe fulani ikiwa na picha. Mama mdogo hayumo popote kwenye hiyo njia ya kuwajibishana. Akikasirika hakuna kinachotokea, akifurahi anapigwa picha. Mwenye duka la mjini asiponiridhisha naenda kwa mwingine, diwani asiponiridhisha namnyima kura, lakini mfadhili asiponiridhisha mi nafanya nini? Nashukuru tu. Hiyo shukrani ya lazima ndo inayomla mtu taratibu, anaanza kujifunza kuongea kimaskini, anajua ni shida gani inasikilizwa mwaka huu na ipi haisikilizwi, anavaa nguo ya zamani siku ya wageni. Nimeona watu wenye akili sana wakitumia hiyo akili yote kwenye kuonekana wanastahili kuhurumiwa, na inaniuma kwasababu akili hiyo hiyo ingetosha kuendesha soko.

Hata zile neti za mbu za bure ambazo watu walizivulia dagaa, tukawasema sana, tukawaita wajinga. Mtu aliletewa kinga ya malaria wakati kilichomkosesha usingizi ni nyavu. Neti ni muhimu, malaria inaua watoto wetu, silitetei hilo la kuvulia na ni haramu tena inamaliza samaki wachanga. Ila pale palikuwa na taarifa kamili kuhusu mtaji wa mvuvi mdogo na hakuna aliyeisoma. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, nyavu haramu zikachomwa moto hadharani, na kweli sangara alikuwa anaisha, lakini mvuvi aliyechomewa alirudi wapi kupata nyavu halali? Kwa wakala. Tukarudi palepale.

Mfano mwingine mkubwa zaidi ni mitumba, na huu watu hawauwekagi kwenye mjadala wa misaada wakati asili yake ni hukohuko. Nguo nyingi zinazoshushwa kwa mabelo pale soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza zilitolewa na watu Ulaya na Marekani kama sadaka, mtu kaweka kwenye boksi akijua anamsaidia maskini, zikachambuliwa, zikauzwa kwa kilo, zikapanda meli, na huku maskini anainunua. Na pamba inalimwa wapi? Hapa. Kwimba, Magu, Misungwi, Maswa, Bariadi, sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inatoka kanda ya ziwa, na nyingi inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi baada ya jineri. Inatoka hapa kwenye marobota na inarudi kwenye mabelo ikiwa imeshavaliwa na mtu mwingine. Tulikuwa na MWATEX hapa mjini, kiwanda kizima cha nguo, wazee wanakikumbuka king'ora chake na mishahara yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliposema zitaondoa mitumba taratibu, Marekani ikatishia kuzitoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, nchi nyingi zikarudi nyuma, Rwanda ikakomaa na mwaka 2018 ikasimamishwa kwenye upande wa nguo. Kwahiyo hata ukitaka kujitegemea kuna watu wanapata hasara ukifanya hivyo, na hawatakaa kimya. Mi sisemi mama anayeuza mitumba Mlango Mmoja afukuzwe, anasomesha watoto pale na ni kazi halali ya jasho. Nasema sadaka ya nguo imekuja kukaa kwenye nafasi ya ajira ya nguo, na tunaiita bahati.

Baada ya kusema yote haya najua kuna watu watafurahi na kusema basi misaada yote ikatwe watu watie akili. Hapana, na hapa sitanii. Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Kwa mtu wa mjini ilikuwa habari ya kwenye simu. Kwenye mialo na visiwani, ambako maambukizi ya VVU siku zote yamekuwa juu kuliko sehemu nyingi za nchi, habari hiyo ilimfikia mtu anayemeza dawa kila siku, ambaye huduma yake miaka mingi imebebwa na pesa za PEPFAR, mpango wa Marekani wa UKIMWI ulioanza 2003. Huwezi kumwambia huyo ajitegemee. Dawa haina kitu cha kufanya na bidii. Ila jiulize tulifikaje mahali ambapo uhai wa mtu wa kisiwa cha Ukara unategemea saini ya mtu wa Washington ambaye hajui Ukara ipo wapi. Msaada ulikuwa wa kweli, umeokoa watu wengi sana, nawajua waliookolewa. Sisi kama nchi miaka zaidi ya ishirini tuliyopewa tulikuwa tunatakiwa tujenge mfuko wetu wa kubeba hilo, na viongozi wetu ndo wa kuulizwa, sio mgonjwa.

Kwahiyo kuna watu ambao kuwaambia wajitegemee ni ukatili tu. Mzee wa miaka 75 aliyelima pamba maisha yake yote, ambaye pamba yake ililetea nchi pesa za kigeni na alikatwa ushuru na kodi na mizani ilimpunja juu, leo hana pensheni kwasababu hakuajiriwa. Akiwa na bahati yuko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Na TASAF mi naipa heshima yake, ilianza mwaka 2000, na tangu awamu yake ya tatu inapeleka pesa taslimu kwa kaya maskini, na pesa taslimu ni bora mara mia kuliko cherehani kwasababu mtu anaamua mwenyewe, bibi akitaka kununua mbuzi ananunua mbuzi akitaka bati ananunua bati. Tatizo ni mlango wa kuingilia. Ili upate lazima kijiji kizima kikubali kwenye mkutano kwamba wewe ni maskini kuliko jirani yako, jina lako lisomwe, na ukipaka chokaa nyumba watu wanaanza kunong'ona kwamba utolewe. Mtu anaogopa kuonekana amepiga hatua.

Angalia Zanzibar walivyofanya. Mwaka 2016 walianzisha pensheni jamii, kila mkazi aliyefika miaka 70 anapokea, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni hela kidogo ndio. Lakini hakuna kikao cha kujadili nani fukara, huombi, huthibitishi njaa yako mbele ya watu, umri wako tu unatosha, tajiri na maskini wamo kwenye daftari moja. Bibi wa Makunduchi anaenda kuchukua haki yake na bibi wa Sengerema anaenda kushukuru, na mi sioni kwanini bara tushindwe, tena kwa wazee waliojenga uchumi wa pamba.

Kitu kinachofanana na hicho nilikiona mwishoni mwa 2018 vilipokuja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Wamachinga wa Makoroboi hapa mjini hawakupewa kitu cha bure pale, walilipa, na kuna watu walilipa kwa furaha kabisa kwasababu walichokuwa wananunua ni kutokimbizwa na mgambo. Mtu aliyebeba beseni lake kichwani miaka kumi akikimbia akasimama sehemu moja akauza kwa amani. Baadae watendaji walipoanza kulazimisha watu wanunue, hadi wasiohusika, ikaharibika. Lakini ile ya mwanzo inafundisha sana kuhusu watu wanataka nini hasa.

Mikopo nayo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba, wazo zuri kuliko mengi. Lakini CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila ripoti anaonyesha mabilioni hayajarudi na vikundi vingine hewa, Aprili 2023 ikasimamishwa, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Watu husema wananchi hawarudishi kwasababu wamezoea vya bure. Mbona hao hao kwenye VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopeshana, wanarudisha? Mama wa Igoma ambaye hajawahi kukosa hisa yake ya Jumamosi, akichelewa anapigwa faini na analipa, kwanini pesa ya halmashauri asiirudishe? Kwasababu ya VICOBA ni jasho la wenzake na anawaona usoni. Ya halmashauri imekuja na diwani mwezi wa kampeni, mfano wa hundi umepigwa picha, kila mtu kaelewa ni zawadi. Mkopo ukigawiwa kama zawadi unarudishwa kama zawadi. Alafu anayekosa huo anaishia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, anachukuliwa godoro na tivii watoto wanaangalia, na huyo mtoto atakumbuka.

Na hata mkopo safi kabisa haumalizi kama bei haijaguswa. Mwaka 2024 serikali iligawa boti na vizimba vya kufugia samaki ziwani kwa mikopo isiyo na riba hapa hapa Mwanza, mi naunga mkono, vijana wa vizimba nawaona wanapambana. Ila chakula cha samaki ndo kinachukua gharama kubwa kuliko vyote na mfugaji hana kauli kwenye bei yake, na akivuna hana pa kugandisha samaki, lazima auze siku hiyo, na mnunuzi anajua kwamba lazima auze siku hiyo. Chumba cha baridi kwenye mwalo ni uwezo wa kumwambia mnunuzi rudi kesho. Mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, umewekwa mahali pa wazi chini ya BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia mwalo, na sio ndani ya gari la mnunuzi, ni hivyohivyo. Bei ya sangara na ya mabondo kwa kila daraja iandikwe ubaoni kila asubuhi, mvuvi aliyetoka majini aikute, ajue kiwanda kinanunua ngapi kabla hajafungua mdomo. Mikataba ya wakala na mvuvi iandikwe kwa Kiswahili, deni liwe na mwisho. Hivi vitu sio vya gharama ya kutisha, havipendezi tu kwenye picha, na vinagusa mifuko ya watu wakubwa, ndo maana kuleta mabegi ya shule ni rahisi zaidi.

Kwahiyo mtu akija kwenye mwalo wenu na mchele na khanga, kama una shida pokea, hakuna aibu. Ila mbele ya watu wote hapohapo muulize mzani wa mwalo utahakikiwa lini na nani, chanja za wamama zipo kwenye bajeti ya mwaka gani, na chumba cha baridi kimefikia wapi. Asipojibu, swali liandikwe kwenye kumbukumbu za BMU, na mkutano unaofuata likawe la kwanza.